Halubadiri ya Mheshimiwa

Sehemu ya Kumi na Mbili: Jibu la Bi Twaiba

Tulimwacha Mheshimiwa Luqman Mbwana amesimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine nje. Wiki nzima amesimama hivyo. Kwa heshima ya Bunge, sasa tumruhusu apumue.

Kilichomgandisha mnakijua. Mama yake, Bi Twaiba, ambaye hajatia kitu kinywani tangu Jumatano, alimkamata mkono wa kanzu na kumwambia:

"Usiende, mwanangu. Mtu mnayekwenda kumsomea Halubadiri ni mimi."

"Mama, umeota."

"Sijalala. Nitaotaje?"

Luqman aliangalia nje. Barabara ya Mwanyundo ilikuwa imejaa watu wanaokwenda upande mmoja, wanaume na kofia zao, wanawake na mabuibui yao, kila mtu ana haraka kama wanafunzi waliosikia kuna nyama bwaloni. Ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala ya alasiri kijiji kizima kilikuwa kinakwenda kumsomea mtu asiyejulikana.

Mtu huyo alikuwa na kosa moja. Wapimaji wa ardhi walipokuja kupima ukanda wa pwani, kuna aliyewaambia kwamba pale hapana makaburi. Wakaandika. Kampuni ya hoteli ikapewa ukanda, ukuta mweupe ukasimama, trekta likaingia, na mahali walipolala watu wa Mwanyundo pakasawazishwa kama uwanja wa mpira. Nani aliyesema? Hakuna aliyejua.

Halubadiri haina haja ya kujua. Hiyo ndiyo sifa yake. Walimu hukaa duara, hufukiza ubani, huyataja majina ya watu waliopigana vita vya Badri mmoja mmoja, na waliohudhuria huitikia amina. Mwenye kosa, awe Vanga au awe Ulaya, kisomo humfikia. Mwingine hufura tumbo. Mwingine huanza kuongea na kuku. Mwingine hafiki Ijumaa ya pili. Hospitali ina majina yake kwa maradhi hayo, lakini Mwanyundo hakuna anayeyatumia.

Na nani aliyeitisha kisomo hicho? Mheshimiwa mwenyewe. Alikuwa kwenye mkutano, watu wamenuna, wamemuuliza habari za makaburi naye hana jibu. Mbunge asiye na jibu hupandisha sauti. "Aliyetuuzia wafu wetu nitamsomeshea Halubadiri!" alinguruma. "Mbuzi nitatoa mimi!" Uwanja ulilipuka kwa makofi. Alirudi nyumbani akiimba.

Sasa hakuimba.

"Kaa kitandani, mama," alisema, akiivuta sauti yake ya kortini. "Nijibu taratibu. Nani alikuuliza?"

"Vijana wenye kofia za plastiki. Wana chuma cha miguu mitatu, wanachungulia. Walikuja mchana, wanaume wote wameondoka kwenda kwenye kampeni yako kule Jego. Wakaniambia, mama, wewe ndiye mkubwa uliyebaki hapa, pale karibu na pwani pana makaburi?"

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

"Lakini mama! Ummi yuko pale!"

Bi Twaiba akauachia mkono wa kanzu.

Ummi alikuwa dada yake Luqman, mdogo kwake, homa ilimchukua kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni. Kaburi lake lilikuwa na jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, na kila mvua za masika Bi Twaiba alikwenda kulipandia mrehani. Luqman alikuwa akibeba kopo la maji. Mbunge mzima huyu mnayemwona, alikuwa akibeba kopo la maji na kulia akimwaga.

"Nimemkana Ummi," mama alisema. "Kwa mdomo wangu."

"Kuna mtu alikuelekeza. Huwezi kusema hivyo peke yako. Ndiyo au hapana, mama: kuna mtu alikuelekeza?"

"Ndiyo."

"Wa kampuni?"

"Hapana."

"Wa hapa kijijini?"

"Ndiyo."

Damu ikampanda Luqman. Alishamwona mtu huyo kizimbani, alishamsikia akilia. "Yu hai?"

"Yu hai. Amesimama mbele yangu na kiatu kimoja."

Hapa, wasomaji, inabidi tumpe Mheshimiwa kiti. Kaeni pia, maana habari hii inaanzia mbali kidogo.

Kabla ya Bunge, Luqman alikuwa wakili pale Ukunda, ofisi ya juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ukipanda ngazi ulisikia harufu ya mafuta ya injini na sauti yake. Kila mteja alipewa somo moja, awe mvuvi aliyeshtakiwa kwa kuvuka pwani ya hoteli au mama aliyefukuzwa kwenye shamba la babu yake. "Ukiulizwa swali na mtu mwenye karatasi, jibu hapana. Usifikiri. Usieleze. Sema hapana, mengine niachie mimi." Somo hilo liliwatoa watu wengi mikononi mwa askari. Likampa jina. Wakamwita Wakili Hapana.

Alipogombea, jina likawa wito. "Watauza pwani yetu?" aliuliza juu ya lori. "Hapana!" watu wakaitika, kutoka Diani mpaka Jego. Neno hilo lilimpeleka Nairobi, likamkalisha kwenye kiti chekundu, likamvalisha suti.

"Nilikupigia simu," Bi Twaiba alisema. "Vijana wale wamesimama uani kwangu, nimewapa maji. Nikakwambia, Luqman, kuna watu hapa wana karatasi, wananiuliza maneno. Kulikuwa na ngoma kwako. Ukaniambia nini?"

Luqman alifumba macho. Akaiona Jego, akaliona lori, akawaona watu wanaomvuta kanzu. Akaisikia simu sikioni na sauti yake mwenyewe ikipiga kelele juu ya ngoma: *Mama, kwani hulijui somo langu? Jibu hapana! Jioni nitakupigia!*

"Nilisema nitakupigia jioni," alisema.

"Ulisema."

"Sikupiga."

"Ulishinda uchaguzi," Bi Twaiba alisema. "Watu walikuwa wengi."

Hakusema kwa ukali. Luqman angependa aseme kwa ukali.

"Na baadaye? Mbona hukuniambia baadaye?"

"Nikwambie nini? Ulikuja na magari na ving'ora. Nikajua umeshayashughulikia, maana somo lako husema mengine niachie mimi. Mpaka nikaliona trekta."

Nje, honi ya gari ililia.

"Hodi! Mheshimiwa! Tumechelewa, watu wamejaa mpaka kwa barabara!"

Alikuwa Makau, msaidizi wake, mzaliwa wa mashamba ya skimu ya makazi, mtoto wa Mkamba na mfuasi wa kanisa, mtu mwaminifu kuliko saa ya ukutani. Makau hakuwahi kuona Halubadiri maishani mwake. Alipoambiwa aiandae, aliiandaa kama anavyoandaa kila kitu.

"Kila kitu iko sawa," alisema, akipangusa jasho. "Tenti ziko, spika ziko, jenereta iko, redio iko laivu. Wale walimu niliwapangia viti lakini wamekataa, wamekaa chini kwa mkeka. Nikasema sawa, ni mila. Na bango limesimama vizuri, linaonekana mpaka barabara kubwa."

"Bango gani, Makau?"

"KARIBUNI HALUBADIRI. Halafu chini, MDHAMINI: OFISI YA MBUNGE."

Luqman alishika ukingo wa mlango.

"Na mstari wa mbele nimeweka wageni wa heshima. Chifu, Bwana Mramba, na mkuu wa polisi."

"Polisi wa nini?"

"Mheshimiwa, si ni shughuli? Shughuli bila mkuu wa polisi inakaa harusi tu."

Bi Twaiba alikuwa amesimama. Alijifunga leso kiunoni kwa namna ambayo Luqman aliijua tangu utotoni. Mama akijifunga hivyo, kuna mtu atapelekwa mahali kwa sikio.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Kabla hawajafungua kisomo, Mwalimu Swabir huwapa watu nafasi ya toba. Aliyekosa akisema mwenyewe, kisomo hakimgusi. Nitasema, nitapumua."

"Mama, usithubutu!"

"Unanikataza toba?"

"Nakukataza spika! Kuwadanganya maofisa wa ardhi ni kosa la jinai. Ukisema pale, redio inarusha, huo ni ushahidi. Na mkuu wa polisi amekaa mstari wa mbele kwenye kiti alichopangiwa na Makau!"

"Kiti kizuri," Makau alisema kwa sauti ndogo. "Kina mto."

Bi Twaiba alimgeukia mwanawe. "Kwa hivyo nikinyamaza nakufa, nikisema nafungwa."

Luqman aliinama kukitafuta kiatu chake cha pili.

"Na wewe ndiye wakili," mama alisema, akaketi tena.

Luqman alivaa kiatu cha pili. "Usitoke hapa. Nitakizuia kisomo. Nimezuia makubwa kuliko haya."

Alikuwa hajawahi.

*

Uwanja wa Mwanyundo uko mgongoni mwa ukuta wa hoteli. Siku hiyo ukuta ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho, na moshi wa ubani ulipanda ukaegemea pale, kama mtu anayechungulia upande wa pili.

Luqman aliposhuka garini watu walisimama. "Watauza pwani yetu?" mmoja alipaza sauti. "Hapana!" wakaitika wote, na mstari wa mbele ukapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie siasa, Mheshimiwa alitamani watu wamnyamazie.

Alimsogelea Makau sikioni. "Zima jenereta."

"Mheshimiwa?"

"Zima. Sema imeharibika."

Makau alikimbia. Spika zikakoroma, zikafa. Luqman alishusha pumzi. Bila spika watu wa nyuma hawatasikia, watalalamika, watatawanyika, siku itaharibika kwa salama.

Mwalimu Swabir aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. Alikuwa mzee mwembamba, mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Luqman alifu mpaka akahitimu, kwa msaada wa bakora iliyokuwa na jina lake. Aliziangalia spika. "Alhamdulillahi," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa wauza kashata kando ya barabara. "Sasa tutasikilizana."

Mbinu ya kwanza, kwisha.

Luqman alivua viatu, akaketi kwenye mkeka mbele yake, akaokota maikrofoni iliyolala hapo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Kama kawaida yako."

"Mwalimu, nina ombi. Jambo hili liko mahakamani. Kisheria, jambo lililo mahakamani halizungumzwi nje."

"Aa. Na huku nje limeletwa na nani?"

"Na... mimi."

"Basi kaa vizuri, unakanyaga mkeka wa watu."

Mbinu ya pili ilizikwa bila sanda.

"Basi tuahirishe," Luqman alisema, na sasa jasho lilikuwa linashuka ndani ya kanzu. "Mpaka Ijumaa ijayo. Niwape watu muda wa kujirudi."

"Mbuzi ameshachinjwa."

"Nitatoa mwingine."

Mwalimu Swabir alimkazia macho. Walimu wengine nao wakaacha kupanga majuzuu. Na kwenye mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, mtu alicheka.

Alikuwa Mramba, aliyeshindwa na Luqman kwenye uchaguzi na ambaye hajakubali mpaka leo. "Jamani nisaidieni mimi nisiyesoma sheria!" alipaza sauti, akigeukia watu. "Huko kortini, kesi ikiwa tayari, hakimu yuko, mashahidi wako, ni nani huyo huinuka kila siku kuomba iahirishwe? Mwenye haki au mwenye makosa?"

Kicheko kilizuka. Kikaenda mpaka mwisho wa uwanja, kisha kikafa vibaya. Watu walianza kutazamana.

"Anamjua," mwanamke mmoja alisema kwenye tenti la akina mama.

"Anamjua aliyesema!" mwingine akadakia. "Anamficha!"

Mwalimu Swabir aliinua mkono, uwanja ukanyamaza. "Luqman, mwanangu," alisema. Hakumwita Mheshimiwa. "Nakuuliza mbele ya watu. Unamjua mtu aliyewaambia wapimaji kwamba pale hapana makaburi?"

Sasa, Makau. Makau nyuma ya tenti aliona bosi wake ameshika maikrofoni iliyokufa, watu wote wanamtazama, na moyo wake mwaminifu haukuweza kuvumilia. Alivuta kamba ya jenereta kwa nguvu zake zote.

"Hapana," Luqman alisema.

Neno lilitoka kwenye spika zote kwa pamoja. Likaupiga ukuta mweupe, likarudi. Hakulifikiri. Lilikuwa tu pale, mlangoni mwa kinywa, limevaa viatu, tayari kwa safari kama lilivyokuwa siku zote.

Na pale penye lango la uwanja, Bi Twaiba alikuwa anashuka kwenye bodaboda.

Alisikia. Luqman alimwona akisikia. Hakukunja uso. Alimtazama mwanawe kama mama aliyemkuta mtoto anarudia somo sawasawa, bila kukosea hata herufi moja. Kisha akaingia kwenye tenti la akina mama, wakampisha, akaketi.

"Haya," Mwalimu Swabir alisema. "Amekana. Tuendelee. Nafasi ya toba ni sasa, kama desturi. Aliyesema neno lile, kama yuko hapa, aseme mwenyewe. Nikishafungua kitabu hiki, sifungi mpaka nimalize."

Aliweka kidole kwenye jalada.

Uwanja ulikuwa kimya hivi kwamba jenereta ilionekana haina adabu. Mtoto alikohoa akazibwa mdomo. Luqman alikuwa anatazama tenti la akina mama, na hakuwa akimtazama mtu mwingine. Aliyaona magoti ya mama yake yakikusanyika chini ya buibui. Akauona mkono ukitafuta ardhi ili usukume.

"Mimi!" alipiga kelele.

Kila kichwa kiligeuka.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliyesema ni mimi. Nisomeeni mimi!"

"Muongo!" Bi Twaiba alikuwa ameshasimama. "Mwanangu hajui lolote! Msimsikilize! Ni mimi!"

Uwanja ulivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Chifu alisimama, akaketi, akasimama tena. Mramba hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerusha jiwe kwenye embe akasikia dirisha limevunjika.

"Nyamazeni!" Mwalimu Swabir alisema, na watu wazima wenye wajukuu wakanyamaza kama darasa. "Midomo miwili inalidai kosa moja. Luqman, siku wapimaji walipokuja, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa..." Luqman aliutazama mkeka. "Nilikuwa hapa na pale."

"Alikuwa Jego," Mramba alisema, polepole safari hii. "Nilikwenda kumzomea. Alikuwa juu ya lori tangu asubuhi."

Mwalimu Swabir alichukua msahafu kutoka kwenye mto wake, akaubeba kwa mikono miwili, akaushika mbele ya Luqman. Duara lote la walimu lilisogea nyuma kidogo.

"Weka mkono."

Luqman aliuweka. Vilikuwa vidole vile vile vilivyokuwa vikielekeza mashahidi kwa miaka.

"Mtu aliyewajibu wapimaji ni mama yako?"

"Mwalimu, jambo hili lina maelezo marefu. Ukitazama mazingira ya siku ile, na simu iliyopigwa..."

"Sikukuuliza mazingira. Ndiyo au hapana?"

"Mwalimu, swali hilo si la haki! Halijibiki kwa neno moja!"

"Maelezo utayapeleka Nairobi. Ndiyo au hapana, Luqman?"

Kulikuwa na watu uwanjani pale waliowahi kusimama kizimbani mbele ya Wakili Hapana. Waliijua sauti ile. Waliyajua maswali yale yasiyo na mlango wa nyuma. Mmoja wao alimwonea huruma, na hilo ndilo lililomvunja Luqman kabisa, kumwona mtu aliyemliza kortini Kwale akimwonea huruma.

Akikana, kitabu kingefunguliwa. Aliufikiria uso wa mama yake uliokonda tangu Jumatano. Sheria ingesema kisomo hakiui mtu. Lakini mama yake hakuwa sheria. Mama yake alikuwa ameacha kula.

"Ndiyo," alisema.

Spika zikalibeba neno hilo. Ukuta haukulirudisha.

"Ndiyo, ni mama yangu. Lakini neno si lake. Aliniuliza afanye nini, nikamwambia akane. Sikumuuliza anakana nini. Nilikuwa nataka kura zenu." Aligeukia ukuta mweupe. "Ummi dada yangu yuko nyuma ya ukuta ule. Nimemzika mara ya pili kwa simu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea. Wazee kadhaa waliinamisha vichwa, na nyuma kabisa mtu mmoja alianza kusema "Watauza..." akaishia hapo, aibu ikamshika.

Mwalimu Swabir aliondoa kidole kwenye jalada. Kitabu kikabaki kimefungwa.

"Toba imetangulia," alisema. "Hapana kisomo leo. Mleteeni mama yetu maji."

Bi Twaiba aliletewa maji kwenye gilasi. Aliyanywa yote bila kupumua. Kisha akasema, kama mtu aliyerudi kutoka safarini, "Hamna hata kipande cha muhogo?" Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja, wakamshika mabega. Luqman alimwona mama yake anatafuna. Akavua kofia, akaiweka mkekani, na kwa dakika hiyo hakujali kiti chekundu wala suti wala Nairobi.

Laiti tungemwacha hapo. Angekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini kwenye mstari wa mbele, kwenye kiti kingine chenye mto, Bwana Ngala alikuwa anasimama. Bwana Ngala ndiye mkuu wa polisi, mtu mpole, mwenye kitambi cha heshima, aliyekuja kwa sababu alialikwa. Alivaa kofia yake. Akaivuta mbele, akaivuta nyuma. Alimtazama Makau kama mtu anayetamani kadi ile ya mwaliko ingepotea njiani.

Akatembea mpaka kwenye tenti la akina mama, akasimama nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nisamehe sana. Mimi mwenyewe nina mama." Aligeuza macho kwenye gari la redio lililokuwa na mlingoti juu, na mtangazaji aliyesahau kuzima. "Ningekuwa nimesikia peke yangu, ningesema sikusikia. Lakini kaunti nzima imesikia. Ni lazima nikuulize kwa kazi."

Muhogo ulisimama mkononi mwa Bi Twaiba.

Luqman aliruka kutoka kwenye mkeka. "Bwana Ngala, usimuulize! Usimuulize hapa!"

"Ni swali moja tu, Mheshimiwa." Afisa alivua kofia tena, akaishika kifuani. "Mama. Ni kweli wewe ndiye uliyewaambia wapimaji kwamba pale hapana makaburi?"

Bi Twaiba hakumtazama afisa. Aliutazama ukuta mweupe, mahali ambapo masika haya hakuna aliyepanda mrehani. 

Kisha, mbele ya walimu na wageni wa heshima na kijiji kizima kilichoshika pumzi, alimgeukia mwanawe, kwa imani ile ile ya siku ile ya simu.

"Wakili," alisema, "nijibu nini?"